Dada Yangu Chini ya Picha ya Muhogo

Dada yangu Wartinah, Mungu amrehemu, aligombea ulurah, yaani ukuu wa kijiji chetu, akishindana na mume wake mwenyewe. Nikiwasimulia watu wa mjini, wanacheka. Hapa Karanglembut hakuna aliyecheka, kwa sababu tumeyaona mengi. Ng'ambo ya mto lurah mmoja alishindana na mkwewe, na mwingine na dereva wake. Sheria inataka wagombea wawili au zaidi. Asipopatikana wa pili, uchaguzi unaahirishwa, ofisi ya tarafa inaleta mtu wake wa kukaimu, na lurah aliyepo anaweza kujikuta nje ya mlango. Basi lurah ambaye hakuna anayethubutu kumpinga humtafuta mpinzani nyumbani kwake, miongoni mwa watu anaokula nao.

Shemeji yangu, Pak Kamdi (Pak kwetu ni Bwana, Bu ni Mama), hakupingwa. Si kwamba watu walimpenda sana. Lurah ndiye anayetia mhuri kwenye barua ya kuzaliwa, ya kuoa, ya kuomba mkopo, na ya kusema kwamba wewe ni maskini unastahili mchele wa serikali. Nani ajitangaze adui wa mkono huo?

Nilikuwepo jikoni siku alipomwomba. Dada alikuwa anafunga tempe, soya ya kuchachusha, kwenye majani ya mgomba, kazi aliyoirithi kwa mama yetu, na mimi nilikuwa nakula wali wangu kimya.

"Bu, niandikishie jina lako tu," alisema Pak Kamdi.

"Jina langu liko kwenye cheti cha ndoa. Halikutoshi?"

"Ni kukaa kitini. Utakaa, utatabasamu, jioni tunarudi nyumbani."

"Na soya yangu nani ataichemsha?"

"Siku moja, Bu. Siku moja tu!"

Dada akavuta kamba ya mgomba, akakaza fundo. "Na wakinichagua?"

Pak Kamdi alicheka mpaka pilipili aliyokuwa akitafuna ikampalia. Nilimpigapiga mgongo, na mimi pia nikicheka.

Hapa ni lazima niseme habari ya chemchemi. Mwaka uliotangulia, kampuni ya maji ya chupa ilizungushia uzio jicho la juu la chemchemi yetu na kulaza bomba mpaka barabarani. Kabla ya hapo kulikuwa na mkutano ukumbini. Pak Kamdi aliuliza, "Mnakubali?" Ukumbi mzima ukajibu, "Tunakubali!" Ndivyo mikutano yetu ilivyo. Swali huulizwa kwa sauti, jibu hutolewa kwa sauti, halafu watu hunywa chai na kwenda kunung'unika majikoni mwao. Maji yakapungua. Wanawake wanaotengeneza tempe, ambao kazi yao yote ni kuloweka na kuosha soya, wakawa wanapanga ndoo foleni. Dada alikuwa mmoja wao, mke wa lurah akiwa na ndoo yake ya bluu nyuma ya wenzake.

Siku ya uchaguzi waliwekewa viti viwili jukwaani, kama maharusi. Juu ya kiti cha Pak Kamdi palining'inizwa picha ya mpunga, juu ya cha dada picha ya muhogo. Sisi hutumia mazao tangu enzi za wazee wasiojua kusoma: unaingia kibandani, unatoboa kwa msumari zao unalolitaka. Mpunga ni chakula cha heshima. Muhogo wanakula watu siku ambayo wali haukupatikana. Aliyepanga picha alijua anachofanya.

Wagombea hukaa pale kutwa nzima huku watu wakipita mbele yao. Alipita Saminten, mwanamke mwenye sauti kama ya kengele, jirani wa dada kwenye foleni ya maji, na pia ndiye mwosha maiti wa kike wa kijiji.

"Mbak War, dada, umependeza! Ukishinda tukuite Bu Lurah au Pak Lurah?"

"Niiteni nikalale, mgongo unaniuma."

"Pak Lurah, leo nani amekupikia kahawa? Si mko vitani?"

"Nimejipikia mwenyewe," alijibu Pak Kamdi huku akitabasamu. "Imekuwa chungu."

"Zoea!" alisema Saminten, na foleni yote ikaangua kicheko.

Hesabu ilianza baada ya sala ya alasiri. Mwalimu wa shule aliinua kila karatasi kwenye mwanga ili sote tuone tundu, akataja zao. "Mpunga! Mpunga! Muhogo!" Pak Kamdi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewanong'oneza wakuu wa vitongoji, kila mmoja peke yake, kwamba wampe mkewe kura chache ili mama wa watoto wake asiaibike hadharani. Hilo alikuja kuniambia baadaye. Kila mkuu wa kitongoji, akitaka kumfurahisha, alizidisha. Kila mmoja alidhani ameombwa yeye tu.

"Muhogo! Muhogo! Mpunga! Muhogo!"

Watu waliacha kutafuna njugu. Mwalimu alianza kukwama kabla ya kutaja, anaitazama karatasi, anamtazama Pak Kamdi, ndipo anasema. Dada alishika pembe za kiti chake kama aliye kwenye pikipiki inayokimbia.

"Rudia kuhesabu," alisema Pak Kamdi.

Wakarudia. Muhogo ukaongezeka.

Mpaka leo sijui dada yangu alichaguliwa au alionewa huruma. Labda ni wale wanawake wa ndoo, kila mmoja na msumari wake mle kibandani pasipoonwa na mtu, wakisema kile ambacho hawakukisema ukumbini. Labda ni adabu ya wakuu wa vitongoji iliyopita kiasi. Karatasi yenye tundu haielezi sababu. Nimewauliza watu wengi, na wote wanasema walimchagua kwa moyo. Wangesema nini kingine, sasa kwa kuwa amekufa?

Waliporudi nyumbani jioni ile, Pak Kamdi alivua kilemba chake, akakaa mlangoni.

"Bu. Nani amekutuma?"

"Wewe."



Tangu hapo kila mtu alimshuku dada kwa namna yake. Mumewe alidhani amepanga kwa siri. Bwana Hendarto wa ofisi ya tarafa, mtu mnene mwenye viatu safi siku zote, alikuja kumpongeza akiwa na swali mfukoni.

"Hongera sana, Bu. Sasa tuambiane ukweli kama watu wazima. Nyuma yako kuna chama gani?"

"Nyuma yangu kuna jiko, Pak. Unasikia harufu?"

Na kijiji nacho kilisema: ni mchezo wa wawili. Ulurah umetoka chumba cha mbele umehamia chumba cha nyuma, nyumba ni ileile. Hata mimi, ndugu wa tumbo moja, niliwaza hivyo wiki za kwanza, nikimwona Pak Kamdi akienda ofisini na kukaa kwenye kiti chake cha zamani, huku dada ameketi pembeni kwenye benchi.

Aliyemwamsha ni Saminten. Walikuwa kwenye chemchemi, wanawake wote na beseni zao, mimi nimemsindikiza dada kumbebea soya.

"Haya, Mbak War. Muhogo tumekutobolea. Maji yako wapi?"

"Bomba la kwanza limeshalazwa, Yu Saminten. Siwezi kuling'oa kwa meno."

"Na la pili? Watu wanasema kampuni inataka la pili."

Dada aliacha kuosha. Alinyoosha mgongo, mikono ikidondosha maji. "La pili, mhuri wangu hautagusa karatasi yake. Nimesema mbele yenu. Nikivunja, msije kwangu hata siku ya mazishi yangu."

Nilitamani asiseme la mazishi. Maneno ya namna hiyo malaika huyasikia. Lakini alishasema, na tangu siku ile hakuwa na mali nyingine duniani ila neno lile.

Alikwenda ofisini, akafungua mtoto wa meza, akauchukua mhuri. Kwetu wanawake hujizungushia kiunoni mshipi mrefu wa kitambaa kizito, unaobana kama mkono wa mtu. Aliusokomeza mhuri mle ndani, mpini wake wa mti ukikaa juu ya nyonga. Aliosha soya nao, aliswali nao, alilala nao.

"Unalala na serikali kiunoni?" Pak Kamdi alimdhihaki mbele yangu.

"Wewe umelala nayo mfukoni miaka yote. Niliwahi kukuuliza?"

Bwana Hendarto akaja. Akanywa chai, akasifia tempe, akatoa bahasha ya plastiki yenye karatasi ya bomba la pili.

"Bu Lurah, usijitie mzigo usio wako. Ruhusa inatoka juu. Huko imeshaamuliwa. Mhuri wa kijiji ni kuonyesha tu kwamba mmearifiwa."

"Kwa hiyo haubadilishi kitu?"

"Hata kidogo."

"Nisipoutia, bomba litakuja?"

"Litakuja, Bu."

"Nikiutia?"

"Litakuja."

"Basi Pak, mbona hii ni safari yako ya tatu kuufuata?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Akaitazama saa, akamtazama Pak Kamdi, ambaye alikuwa ameegemea nguzo akichokonoa meno. Nimeyarudia mara nyingi akilini yale macho ya watu wawili. Pengine hayakuwa na maana yoyote. Bwana Hendarto alichukua karatasi yake, akaaga kwa heshima zote, na hakurudi tena. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu wa serikali anayehitaji kitu haachi kurudi, ila akishakipata.

Kabla ya msimu wa mvua mabomba yalishushwa kutoka kwenye lori, marefu, ya rangi ya bluu. Msimamizi wa kazi aliulizwa na vijana, naye akajibu bila wasiwasi: karatasi zote zipo, hadi mhuri wa lurah.

Dada alikwenda tarafani kwa miguu yake. Niliongozana naye. Alitaka kuiona tu hiyo karatasi. Wakasema iko wilayani. Wilayani wakasema iko mkoani, na ya mkoani mtu wa kawaida haonyeshwi. "Mimi ni lurah," alisema. Yule binti wa mapokezi alimtazama kanga na ndara zake, akasema, "Ndiyo, Bu. Lakini haonyeshwi."

Tulipokuwa tunarudi tulipita nyuma ya soko la mjini, pale wanapokaa mafundi wa kuchonga mihuri. Unaandika maneno unayotaka, unakunywa kahawa, unaondoka na mhuri wako. Mmoja alituita, "Bu, mhuri? Wa duka? Wa shule? Wa kijiji?" Dada alisimama. Akaweka mkono kwenye nyonga, juu ya mshipi, akauhisi wake upo. Kisha akakaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, na sikujua kama anacheka au analia.

Nani aliuchonga wa pili? Nilimwendea Pak Kamdi. Alinipa mkono wake, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hajui. Sikumwamini. Kama namdhulumu, Mungu anisamehe. Ninaswali naye safu moja, na nikisujudu bado nawaza.

Kwa wanawake wa chemchemi hapakuwa na fumbo lolote. Mhuri anao nani? Wartinah. Karatasi ina mhuri? Ina. Basi. Aliwaambia kuhusu mafundi wa soko, wakatingisha vichwa kama wanaomsikiliza mtoto. Asubuhi moja alifika na beseni lake, Saminten akasogeza ndoo yake kando.

"Mpisheni Bu Lurah. Maji ni yake."

"Yu, nisikilize."

"Tumekusikia mara moja. Inatosha."

Tempe yake ikaanza kulala. Watu walinunua kwa mwingine. Nyumbani hakuwa na wa kuzungumza naye, maana mumewe alimwona amekuwa mpumbavu, na huko nje walimwona mwerevu kupita kiasi.

Ndipo akaitisha mkutano ukumbini. Alikuja na kisu chake cha kukatia tempe na kibao cha kukatia. Akasimama mbele, akaingiza mkono kwenye mshipi, akautoa mhuri, akauweka juu ya kibao. Aliukata mpira wake vipande kama anavyokata tempe ya kukaanga, vyembamba, kwa utulivu.

"Kuanzia leo," alisema, "mkiuona mhuri wa Karanglembut popote pale, si wangu. Sikuutia kwenye karatasi ya bomba. Mnaniamini?"

Ukumbi uliozoea kujibu "Tunakubali!" kwa pamoja haukujibu. Kule nyuma mtu mmoja akasema, "Ketoprak imeanza," kama vile tumekuja kutazama waigizaji wa jukwaani. Wengine wakacheka. Saminten hakucheka, lakini hakusema neno.

Ofisi ya tarafa ilimwondoa kwa kosa la kuharibu mali ya serikali. Mhuri mpya ulifika haraka mno, mzuri, wenye mpini wa plastiki. Uchaguzi uliofuata Pak Kamdi aligombea tena, safari hii akishindana na mpwa wake, na mpunga ukashinda bila shida. Maana wakuu wa vitongoji walikuwa wamejifunza.

Dada alirudi kwenye soya yake. Hakumlalamikia mtu. Alikuwa akiniambia, "Dik, mdogo wangu, sikuomba kile kiti. Lakini neno nililolisema pale majini nililisema mimi." Alianguka asubuhi mbele ya sufuria yake, upande mmoja wa mwili ukafa, na kabla ya Ijumaa Mola wake akamchukua.

Alipofariki, mimi nilikumbuka maneno yake: msije kwangu hata siku ya mazishi yangu. Nilikaa barazani nikiangalia njia. Je, watakuja? Sikuwa na dua nyingine kichwani. Wa kwanza kutokea kwenye kona alikuwa Saminten, na ndoo ya maji begani. Kazi yake ni kuosha maiti, nikajiambia, asingeweza kukataa. Nyuma yake walikuja wengine, na maji ya chemchemi, yale machache yaliyobaki. Huenda ni kwa heshima ya Pak Lurah, nikajiambia tena. Sikutaka kufurahi mapema.

Saminten alikaa ndani na maiti muda mrefu. Alipotoka, mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na hakumtazama mtu.

Jeneza likabebwa mpaka uani. Pak Kamdi alishika mpini wa mbele upande wa kulia, mimi wa kushoto. Mimi, kwa niaba ya familia, nikawaomba watu wamsamehe marehemu makosa yake. Kisha modin, mzee wetu wa dini, akageukia umati. Kwetu maiti haiondoki kabla watu hawajaitolea ushahidi, na swali huulizwa mara tatu.

"Enyi mliohudhuria, mnamshuhudia marehemu huyu alikuwa mwema au mbaya?"

"Mwema!" umati ukaitika kwa pamoja.

Niliijua sauti hiyo. Ni ileile ya ukumbini, ile ya "Tunakubali!" Huitikwa hivyo hata kwa mwizi wa ng'ombe. Machozi yalinitoka, si kwa faraja.

"Mnamshuhudia kuwa mwema au mbaya?"

"Mwe—"

"Hakutia mhuri!"

Alikuwa Saminten, kule nyuma kwa wanawake. Modin aligeuka kama aliyemwagiwa maji.

"Saminten, si hapa."

"Ni hapa hapa, Kiai. Mwosha maiti hafichui aibu ya maiti. Jema lake anaruhusiwa kulisema, si kweli?" Modin aliitikia kwa kichwa. "Basi nasema. Nimemwosha. Juu ya nyonga ana kovu jeusi, limekaa umbo la mpini. Ngozi imeliwa. Ule mhuri haukutoka kiunoni mwake usiku wala mchana."

Binamu wa Pak Kamdi alisema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Kukaa nao si kutoutumia."

"Wewe! Aliyetaka kuutumia, avumilie kuchubuka miaka miwili kwa ajili ya nini? Urembo?" Sauti ya Saminten ilipasuka. "Alituuliza ukumbini tunamwamini. Tukanyamaza. Mimi nilinyamaza. Sasa namjibu, na mnisikie."

 Jeneza lilikuwa zito mkononi mwangu. Upande wa pili nilimsikia Pak Kamdi anavyopumua.

Modin alisafisha koo. Mara ya tatu aliuliza polepole, kana kwamba swali hilo hajawahi kuliuliza maishani. "Mnamshuhudia kuwa mwema au mbaya?"

Safari hii hawakuitika pamoja. Alianza mwanamke mmoja, "Mwema." Kisha mwalimu wa shule. Kisha mwingine kwenye ukingo wa uzio, kisha wawili, kisha mzee mmoja aliyekuwa amekaa. Zilikuja moja moja, sauti zisizo na mpangilio, na kila moja niliweza kuijua ni ya nani. Wengine hawakusema kitu, na hao pia niliwajua.

Niligeuka kumtazama Pak Kamdi. Alikuwa ameinamisha uso kwenye kitambaa cha jeneza, midomo yake ikicheza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, lakini neno alilolisema sikulisikia. Tukainua, tukaenda.